KINGA YA MARADHI YA NJIA YA MKOJO: WAJIBU WA NYUMBA, OFISI NA KITUO CHA AFYA

(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba)




Miongoni mwa maradhi yanayowasumbua watu wengi na kuzungumzwa na wachache ni maradhi ya njia ya mkojo. Mwenye homa huyataja maradhi yake mbele za watu bila ya kusita, na mwenye kuumwa na jino huomba ruhusa kwa mkuu wake wa kazi waziwazi. Lakini mwenye maumivu ya mkojo hunyamaza. Haya ni pambo la mwanaadamu, na mila za visiwa hivi zimeilea vyema. Hata hivyo, haya ikimzuia mgonjwa asitibiwe, huwa si pambo tena bali mzigo. Wahenga wamekwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza maradhi hayo yanavyoanza, namna ya kujikinga nayo kwa mazoea ya kila siku, na wakati ambapo hapana budi mgonjwa apelekwe kwa daktari.

MARADHI YANAVYOANZA

Mafigo mawili huchuja damu mchana na usiku, na kutokana na kazi hiyo mtu mzima hutoa mkojo wa kiasi cha lita 1 hadi 2 kwa siku. Mkojo huteremka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu, na kibofu kinapofikia kiasi cha mililita 300 hadi 500, mtu huhisi haja ya kwenda chooni.

Maradhi huanza pale bakteria wanapopanda kutoka nje na kuingia katika njia hiyo. Aghlabu bakteria hao hutoka katika utumbo wa mtu mwenyewe. Mkubwa wao ni yule aitwaye Escherichia coli, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na daktari Theodor Escherich mwaka 1885, na ambaye husababisha takriban robo tatu au zaidi ya maambukizi ya kawaida ya kibofu. Ndani ya utumbo bakteria huyo hana madhara makubwa. Akivuka mpaka na kuingia kwenye kibofu ndipo anapoleta balaa.

Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na sababu yake ni maumbile, wala si uchafu wala tabia mbaya. Mrija wa kutolea mkojo wa mwanamke una urefu wa kiasi cha sentimita 4 tu, na uko karibu na njia ya haja kubwa. Wa mwanamme hufikia kiasi cha sentimita 20. Safari ya bakteria kwa mwanamke ni fupi. Ndiyo maana inakisiwa kwamba nusu ya wanawake wote hupatwa na maradhi haya angalau mara moja katika maisha yao. Basi mume asimshuku mkewe, wala mama asimkemee bintiye, kwa sababu ya maradhi haya peke yake.

Wengine walio katika khatari zaidi ni wanawake wajawazito, wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wagonjwa wa kisukari, wenye mawe katika mafigo, wazee wa kiume ambao tezi dume yao imekua na kuzuia mkojo usitoke wote, na wagonjwa waliowekewa mpira wa mkojo.

DALILI, NA MARADHI YANAYOFANANA NAYO

Dalili za maambukizi ya kibofu ni mkojo kuchoma wakati wa kutoka, kwenda chooni mara kwa mara na kupata matone machache tu, haja ya ghafla isiyozuilika, maumivu chini ya kitovu, na mkojo wenye ukungu au damu. Maambukizi yakipanda mpaka kwenye mafigo, huzidi homa kali, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavuni au kiunoni, na kutapika. Hali hii ya pili ni ya dharura.

Kwa watoto wadogo dalili hujificha. Mtoto huweza kuwa na homa tu, akakataa ziwa, akatapika au akalia wakati wa kukojoa. Mzazi asitosheke na kumpa dawa ya kushusha homa siku baada ya siku. Mtoto huyo apimwe malaria na mkojo wake upimwe pia.

Aidha, si kila mkojo unaochoma ni maradhi haya. Kisonono na maradhi mengine ya zinaa huleta maumivu yanayofanana nayo, na mara nyingi huambatana na usaha. Maradhi hayo yana dawa zake, na hupasa watibiwe wote wawili, mume na mke. Vile vile, si kila maumivu ya chini ya tumbo ni chango. Wapo wanaokunywa dawa za chango kwa wiki nzima huku bakteria wakipanda mafigoni.

Kwa wakaazi wa visiwa hivi, jambo jengine lisilofaa kusahauliwa ni kichocho. Kichocho hakiletwi na bakteria, bali na minyoo midogo iliyogunduliwa na daktari Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Mwenye kichocho akikojoa ndani ya mto, bwawa au bonde la mpunga, mayai huanguliwa majini, vijidudu huingia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayecheza hapo. Dalili yake mashuhuri ni damu katika mkojo. Katika miaka ya 1980 sehemu za Pemba zilikuwa na skuli ambazo zaidi ya nusu ya wanafunzi wake waliopimwa walikutwa nacho. Kutokana na ugawaji wa dawa ya prazikwanteli maskulini na mitaani, hasa kampeni iliyofanywa kuanzia mwaka 2012, kiwango hicho kimeshuka sana, lakini kichocho hakijatoweka. Kwa hivyo mtoto anayekojoa damu apelekwe kupimwa. Dawa ya bakteria haitibu kichocho, na dawa ya kichocho haitibu bakteria. Anayekisia atakosea kwa upande mmoja au mwengine.

MAZOEA YA KILA SIKU

Kinga ya kwanza ni maji. Mkojo unapopita kwa wingi huwasukuma bakteria nje kabla hawajajikita katika kuta za kibofu. Jambo hili limethibitishwa kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Wanawake 140 waliokuwa wakiugua mara kwa mara, na waliozoea kunywa maji machache, waligawiwa makundi mawili. Kundi moja liliongezewa lita 1 na nusu ya maji kila siku, na jengine likaachwa na mazoea yake. Baada ya miezi 12, walioongezewa maji waliugua kwa wastani wa mara 1.7, na wenzao mara 3.2. Maradhi yalipungua kwa karibu nusu, na dawa yenyewe ni maji.

Katika joto la kaskazi, mtu anayetoka jasho anahitaji maji zaidi. Kipimo chepesi ni rangi: mkojo mweupe au wa manjano hafifu unaonesha kwamba maji yanatosha, ukiwa wa manjano iliyokoza, mtu aongeze. Madafu yanaingia katika hesabu ya kinywaji, lakini si tiba, na mwenye kisukari asiyafanye badala ya maji. Mgonjwa wa moyo au wa mafigo aliyewekewa kiwango cha maji na daktari afuate kiwango hicho.

Katika mwezi wa Ramadhani, mfungaji ayagawe maji yake baina ya futari na daku, glasi baada ya glasi, badala ya kunywa mengi kwa mkupuo mmoja na kulala. Mwenye dalili za maradhi haya, na hasa mjamzito au mwenye kisukari, aonane na daktari kuhusu funga yake. Dini imempa mgonjwa rukhsa, na kuitumia si udhaifu wa imani.

Kinga ya pili ni kutozuia mkojo. Mkojo uliofungiwa ni maji yaliyotuama, na katika maji yaliyotuama vijidudu huzaliana. Mtu mzima aende chooni anapohisi haja, na akae mpaka kibofu kimalizike, bila ya haraka. Watoto wa skuli wafundishwe hivyo hivyo, na mwalimu asimkatalie mwanafunzi anayeomba ruhusa.

Kinga ya tatu ni kustanji ipasavyo. Wakaazi wa visiwa hivi wengi wao hujisafisha kwa maji, na hiyo ni neema kubwa ya usafi. Lakini mwelekeo nao una maana. Mwanamke asafishe kutoka mbele kwenda nyuma, wala si kutoka nyuma kuja mbele, ili uchafu wa haja kubwa usiletwe kwenye njia ya mkojo. Watoto wa kike wafundishwe jambo hili tangu wanapoanza kwenda chooni peke yao. Kopo la chooni lioshwe, maji yasilazwe humo siku nyingi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada.

Kinga ya nne inahusu unyumba. Madaktari huwanasihi wanawake wanaougua mara kwa mara wakojoe baada ya kukutana na waume zao. Dawa za kuua mbegu za kiume zinazotumika kwa uzazi wa mpango huongeza uwezekano wa maradhi haya. Anayeugua mara kwa mara aulize kituoni njia nyengine. Vile vile, hakuna haja ya kusafisha ndani ya uke kwa sabuni za manukato, dawa za maji wala majani. Vitu hivyo huwaua bakteria wema wanaolinda mahali hapo na kuwaachia njia waovu. Maji safi kwa nje yanatosha.

WAJIBU WA OFISI

Yaliyotangulia ni wajibu wa mtu mwenyewe. Lakini yapo yasiyo katika uwezo wake, na hapo ndipo ofisi inapohusika.

Uchukuliwe mfano wa karani wa kike anayekaa kwenye dirisha la kupokea wananchi. Anafika saa 1 na nusu asubuhi na kuondoka saa 9 na nusu mchana. Choo cha ofisi kipo, lakini mfereji hautoi maji, kitasa kimevunjika, na ufunguo unakaa kwa mtu ambaye leo hakuja. Karani huyu ni mwerevu; amejifunza kutokunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji choo. Hakuna aliyemwamrisha, na hakuna faili linaloonesha kwamba ana tatizo. Baada ya miezi michache mkojo unaanza kumchoma. Anaona haya kumwambia mkuu wake, ambaye ni mwanamme. Jirani anampa vidonge sita vilivyobaki katika dawa za mwanawe. Anapata nafuu siku mbili, kisha maumivu yanarudi. Anakuwa mjamzito, na katika mwezi wa sita analazwa hospitali kwa homa kali na maumivu ya kiuno, na maisha ya mtoto aliye tumboni yamo khatarini.

Ukitazamwa mfano huo hatua kwa hatua, itaonekana kwamba ulianza kwa kitasa na mfereji. Gharama ya kutengeneza kitasa haifiki hata sehemu ndogo ya gharama ya kumlaza mgonjwa mmoja, wala haiwezi kulinganishwa na roho ya mtoto. Kwa hivyo mkuu wa ofisi, wa skuli, wa soko au wa bandari anayehesabu meza na viti vyake ahesabu vyoo pia: vingapi vinafanya kazi, vingapi vina maji, vingapi vinafungika kwa ndani, na kama wanawake wana chao peke yao. Pahala ambapo maji ya mfereji hayatabiriki, pipa lenye mfuniko na kata safi si jambo la anasa. Aidha, watumishi wa madirishani, walinzi, madereva na walimu wapangiwe zamu zitakazowawezesha kuondoka kwa dakika chache bila ya kuomba kama wanaoomba fadhila.

WAJIBU WA MATIBABU

Mwenye dalili zilizotajwa aende kituo cha afya kilicho karibu naye. Hapo ataombwa mkojo, na namna ya kuutoa ni muhimu: anawe sehemu za siri kwa maji, aache mkojo wa mwanzo uende chooni, kisha akinge wa katikati katika chupa safi aliyopewa. Mkojo uliokingwa ovyo huonesha bakteria wa ngozi, na mtu huandikiwa dawa za maradhi asiyokuwa nayo. Kituoni mkojo hupimwa kwa kijiti maalumu au kwa darubini. Na maradhi yakiwa mazito au ya kujirudia, hupelekwa maabara kubwa ukaoteshwe, ili ijulikane ni bakteria gani na ni dawa ipi inayomuua. Majibu ya kuotesha huchukua siku moja au mbili na zaidi, na subira hiyo ina faida.

Mgonjwa akiandikiwa dawa za antibiotiki, azitumie kwa siku zote alizoelezwa, hata kama maumivu yamekwisha siku ya pili. Asimgawie mwenziwe, asiweke akiba, wala asinunue dukani bila ya cheti. Bakteria waliopigwa kwa dawa nusu huweza kusalimika na kujifunza kuishinda. Jambo hili si la nadharia tu. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa, na Escherichia coli ni miongoni mwa wakubwa wao. Dawa kadhaa za bei nafuu zilizokuwa zikitibu mkojo bila ya shida hazifanyi kazi tena kwa wagonjwa wengi.

Kwa sababu hiyo hiyo, si kila bakteria anayeonekana katika kipimo anahitaji kutibiwa. Wazee wengi huwa na bakteria katika mkojo bila ya dalili yoyote, na kuwapa antibiotiki hakuwafaidishi. Mgonjwa asikasirike daktari anapomwambia kwamba hahitaji dawa.

Lakini mama mjamzito yuko katika hukumu nyengine. Katika kila wajawazito 100, baina ya 2 na 10 huwa na bakteria katika mkojo bila ya kuhisi lolote. Wasipotibiwa, hadi 30 katika kila 100 ya hao huweza kupata maambukizi ya mafigo, na khatari ya kuzaa kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo huongezeka. Hivyo basi, mjamzito ahudhurie kliniki mapema, mkojo wake upimwe hata kama hana maumivu, na akikutwa na bakteria atibiwe kwa dawa zilizo salama kwa mimba. Asinywe dawa ya jirani, kwani zipo antibiotiki zinazoweza kumdhuru mtoto. Mume anayemhimiza mkewe kwenda kliniki na kumpatia nauli ametimiza nusu ya kinga hiyo.

Wanaouguza wagonjwa wenye mpira wa mkojo wanawe mikono kabla ya kuugusa, wauweke mfuko chini ya usawa wa kibofu bila ya kugusa sakafu, na waulize kila mara kama mpira bado unahitajika. Wanawake waliokoma hedhi na wanaougua mara kwa mara wafahamu kwamba ipo dawa ya kupaka ukeni inayosaidia. Ni vyema waulize, wala umri usiwe sababu ya kunyamaza.

Wafuatao wapelekwe hospitali bila ya kungoja kesho: mwenye homa pamoja na maumivu ya kiuno au kutetemeka, mjamzito mwenye dalili yoyote, mtoto mchanga mwenye homa, asiyeweza kukojoa kabisa, na anayetapika hata dawa haikai tumboni. Mwanamme mwenye dalili, na yeyote aliyeona damu katika mkojo, apimwe haraka hata kama damu imekatika yenyewe.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, wajibu umegawika sehemu tatu:

(a) Mtu mwenyewe anywe maji ya kutosha, asizuie mkojo, astanji kutoka mbele kwenda nyuma, asikojoe katika mito na mabwawa, na asinywe dawa asizoandikiwa.

(b) Ofisi, skuli na masoko vihakikishe kuwa kuna vyoo vyenye maji, vinavyofungika, na nafasi ya kuvitumia.

(c) Vituo vya afya viwapokee wagonjwa hawa kwa faragha na heshima, viwapime kabla ya kuwapa dawa, na viwaeleze kwa lugha nyepesi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe mara nyengine ni mdogo: glasi ya maji isiyonywewa, kitasa kisichotengenezwa, swali lisiloulizwa kwa sababu ya haya. Mkuu wa ofisi aliyesoma maelezo haya anaweza kuanza leo, kabla ya saa za kazi kwisha, kwa kwenda kukitazama choo cha watumishi wake. Na mwenye dalili ambaye amekuwa akingoja zikatike zenyewe, kesho asubuhi mlango wa kituo cha afya u wazi kwa ajili yake.